Taka Zinapogoma Kutoka: Utatuzi wa Matatizo ya Kuchokonoa Modeli za Matabaka ya Karatasi

Mashine inayojenga modeli kwa kubandika karatasi juu ya karatasi inakukabidhi bonge. Modeli imo ndani ya bonge hilo, imezingirwa na karatasi ileile iliyoshikwa kwa gundi ileile, na kazi iliyobaki ni ya mikono: kuondoa kila kisichotakiwa, yaani taka, bila kudhuru kinachotakiwa. Modeli iliyokatwa kwa saa nyingi bila kasoro inaweza kuharibika mezani kwa dakika chache, chini ya patasi ya mtu mwenye haraka. Ndiyo maana hatua hii inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko nyingine zote, na mwongozo huu umepangwa kwa dalili: tafuta unachokiona kwenye bonge lako, kisha fuata chanzo chake.

Njia hii iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Helisys ya Marekani, iliyoanzishwa na Michael Feygin. Karatasi yenye gundi ya plastiki upande wa chini inafunguka kutoka kwenye gombo, rola ya moto inapita juu yake na kuikandamiza juu ya tabaka lililotangulia, kisha leza ya kaboni dayoksaidi inakata mpaka wa modeli. Eneo lote linalobaki nje ya mpaka linachanjwa kwa mistari inayokatana kama gridi. Jukwaa linashuka kidogo, karatasi nyingine inakuja. Karatasi ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo kila sentimita 1 ya kimo ni matabaka kama 100. Taka zinaachwa palepale kwa makusudi kwa sababu ndizo zinazobeba sehemu za modeli zinazoning'inia. Huhitaji kujenga nguzo za kuegemeza, lakini kila ulichokwepa kujenga utakitoa baadaye kwa mkono.

Kabla ya dalili, jambo moja likae kichwani. Leza hukata kwenda chini tu. Ukuta wa wima wa modeli umetenganishwa na taka kwa mkato, tabaka baada ya tabaka. Uso uliolala bapa haukukatwa na kitu chochote: taka iliyo juu yake imebandikwa kwa gundi iliyobandika modeli nzima. Kwa hiyo taka inayogoma inagoma kwa sababu ya mkato au kwa sababu ya gundi, na dawa za magonjwa haya mawili zinapingana. Anayeongeza nguvu ya leza wakati tatizo ni gundi anaunguza modeli. Anayepunguza joto la rola wakati tatizo ni mkato anapata modeli inayobambuka. Sehemu kubwa ya utatuzi ni kujua uko upande gani.

Soma kiguzo cha kwanza

Mistari ya gridi inarudiwa mahali palepale kwenye kila tabaka, kwa hiyo vipande vidogo vinapandana na kuwa viguzo vya pembe nne vinavyosimama kutoka juu ya bonge hadi vinapokutana na modeli au chini ya jukwaa. Wengi huviita michemraba, na baadhi kweli huishia kuwa hivyo, lakini ukifikiria viguzo utaelewa haraka zaidi kinachotokea.

Chagua kiguzo cha pembeni kabisa, mbali na modeli. Ingiza kisu chembamba kwenye mkato, kitikise taratibu kulia na kushoto, kisha kivute. Kisitupwe. Kishike kwenye mwanga unaotoka upande mmoja ili vivuli vionekane, na ukitazame pande zake nne, halafu chini yake.

Pande zenye rangi ya hudhurungi iliyosawazika kutoka juu hadi chini zinaonyesha mkato mzuri. Ukiona mkanda mweupe wenye nyuzinyuzi, hapo karatasi haikukatwa, imechanika ulipovuta. Angalia mkanda huo uko wapi. Ukizunguka pande zote nne kwa kimo kilekile, kuna kitu kilitokea wakati wa matabaka hayo: umeme ulishuka, karatasi ilijikunja chini ya rola, au gombo jipya lilikuwa na karatasi nene zaidi. Ukiwa upande mmoja tu wa kiguzo, na viguzo jirani viko hivyohivyo, shuku vioo vinavyopeleka mwanga wa leza, au kasi ya mwendo upande huo. Ukionekana kwenye viguzo vya kona moja ya jukwaa tu, mwanga wa leza hauingii katikati ya lensi kichwa kinapofika mbali.

Pande zenye vingazi vidogo, tabaka hili limesogea kulia na lile kushoto, zinasema jambo jingine: mashine inapoteza nafasi yake kadiri kazi inavyoendelea. Hapo viguzo vinashikana kama meno, na hata mkato ukiwa kamili hakitatoka kimoja bila kuvuta mwenzake. Kagua mikanda ya mwendo, skrubu zilizolegea kwenye kichwa cha leza, na kama bonge lenyewe limekazwa vizuri kwenye jukwaa.

Sasa tazama chini ya kiguzo, pale kilipoachana na kilichokuwa chini yake. Ukiona nyuzi za karatasi zilizochanika, gundi ilikuwa na nguvu kuliko karatasi. Ukiona uso laini unaong'aa, gundi ndiyo iliyoachia. Kwenye modeli unataka hali ya kwanza. Kwenye taka unataka ya pili. Na rola ni moja, inapita juu ya vyote viwili kwa joto lilelile. Ugumu wote wa kazi hii uko hapo.

Viguzo havitengani hata pembeni mwa bonge

Hili ni tatizo la mkato, na chanzo cha kawaida kuliko vyote ni lensi chafu. Kuunguza karatasi na gundi kunatoa moshi unaoganda kwenye lensi na vioo, na nguvu inayofika kwenye karatasi inapungua polepole bila namba kwenye skrini kubadilika. Safisha lensi kwa kitambaa na kimiminika ambavyo mtengenezaji ameruhusu, mashine ikiwa imezimwa, kabla ya kugusa mpangilio wowote. Anayeanza kwa kuongeza nguvu anaficha uchafu, na siku lensi itakaposafishwa leza itakuwa inakata matabaka mawili.

Lensi ikiwa safi na mikanda myeupe ikaendelea, pima umbali kati ya lensi na karatasi. Mwanga wa leza unakusanyika kuwa nukta ndogo kwa umbali mmoja tu. Juu au chini ya hapo nukta inapanuka na kuwa dhaifu. Mashine inapaswa kupima kimo cha bonge na kushusha jukwaa ili karatasi ya juu ibaki kwenye umbali huo. Kama inatumia unene wa karatasi ulioandikwa kwenye programu badala ya kimo halisi, kosa dogo linajumlika: kwa matabaka 500, kosa la milimita 0.002 kwa kila tabaka linafika milimita 1. Dalili yake ni viguzo vilivyokatwa vizuri sehemu ya chini na vibaya kadiri unavyopanda.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye kasi na nguvu. Tengeneza bonge dogo la majaribio, matabaka 30 au 40 yanatosha, lenye gridi peke yake bila modeli. Punguza kasi ya leza kidogo kidogo hadi viguzo vianze kutengana kwa vidole. Kisha bandua tabaka la juu na utazame la chini yake: unatafuta mchoro hafifu, usiozidi mkwaruzo. Ukikuta mkato umezama, umepita mpaka.

Kwenye kona, kichwa cha leza kinapunguza mwendo ili kigeuke. Kama nguvu haipungui pamoja na mwendo, kona zinaungua huku mistari iliyonyooka ikiwa haijakatwa sawasawa. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuoanisha nguvu na kasi, hakikisha umewashwa.

Viguzo vinalegea pembeni lakini vimeganda juu ya uso bapa

Hili ndilo tatizo linaloharibu modeli nyingi kuliko mengine. Bonge linafunguka vizuri, unashuka kwa furaha, kisha unafika kwenye uso bapa na kila kitu kinasimama. Viguzo vinatikisika, havitoki. Ukivinyanyua kwa nguvu vinaondoka na ngozi ya modeli.

Chanzo kimeshaelezwa: hapo hapana mkato, pana gundi tupu. Kiguzo chenye uso wa sentimita 2 kwa 2 kimeshikwa na gundi yote ya sentimita 4 za mraba. Kwa mikono hakuna ujanja wa kulishinda hilo bila madhara, kwa hiyo dawa inaanzia kwenye programu kabla mashine haijawashwa.

Dawa yenyewe ni kuchanja gridi ya karibukaribu kwenye tabaka la taka linalogusa uso wa modeli. Juu ya uso unaotazama juu, tabaka la kwanza la taka linakatwa kwa mistari iliyobanana sana, umbali wa milimita moja hivi au chini ya hapo, badala ya gridi pana ya kawaida. Chini ya uso unaotazama chini, tabaka la mwisho la taka linafanyiwa vivyo hivyo. Joto la leza linaunguza gundi kando ya kila mstari, na kinachobaki ni vipande vidogo vilivyoshikwa kwa shida. Viguzo vya juu vinaachia hapo. Mabaki yanayosalia juu ya uso wa modeli ni tabaka moja jembamba linaloondoka kwa kukwaruzwa na ukingo wa plastiki ngumu.

Baadhi ya programu zinaweza kutambua nyuso hizi zenyewe kwa kulinganisha tabaka moja na lililo chini yake: kila eneo lililokuwa modeli na sasa ni taka, au kinyume chake, ni uso wa kuchanjwa kwa ukaribu. Kama yako haina uwezo huo, unaweza kuweka masafa ya kimo kwa mkono na kubadilisha ukubwa wa gridi kwa tabaka husika peke yake. Tahadhari ni mbili. Muda wa kukata unaongezeka, kwa hiyo usifanye hivyo kwa bonge zima. Na leza inayokata kwa kina kupita tabaka moja itaacha alama za gridi kwenye uso wa modeli, alama ambazo hata msasa unachukua muda kuzifuta. Ndiyo sababu kazi ya mkato sahihi lazima itangulie.

Nyuso zenye mteremko mdogo ni wagumu wa siri. Hazionekani bapa kwenye skrini, lakini zikikatwa kwa matabaka zinakuwa ngazi ndefu na pana, na kila daraja ni uso bapa ulioshikwa na gundi. Kuba pana, sahani, kifuniko kilichopinda kidogo: vyote viko kundi hili. Mara nyingi jibu bora ni kugeuza modeli. Uso mpana ukisimama wima, leza inaukata badala ya gundi kuushika. Kimo cha bonge kinaongezeka na mashine inakata kwa muda mrefu zaidi, na mimi huuchukua muda huo bila kusita, kwa sababu mashine haichoki na wala haitobolei modeli kidole.

Kama bonge limeshatoka na uso umeganda, joto la wastani linasaidia. Gundi ya aina hii hulainika ikipata moto. Puliza hewa ya uvuguvugu kutoka kwenye kikausha nywele juu ya eneo dogo, hadi karatasi iwe na joto ambalo mkono unavumilia, kisha ingiza kisu kipana na chembamba kikiwa kimelala sambamba na uso, ukisukuma kwa ubapa. Usinyanyue kwa ncha. Kunyanyua kunavuta matabaka yaachane. Kusukuma kwa ubapa kunayafanya yateleze. Joto likizidi, modeli yenyewe inalainika pia.

Modeli inabambuka pamoja na taka

Tazama mahali palipoachana. Uso unaong'aa, usio na nyuzi, unamaanisha gundi haikushika. Rola ilikuwa baridi, ilipita haraka, au haikukandamiza vya kutosha. Karatasi yenye unyevu nayo inakula joto la rola, kwa sababu sehemu ya joto inatumika kufukuza maji badala ya kuyeyusha gundi. Hifadhi magombo mahali pakavu, yakiwa yamefungwa kwenye plastiki.

Kubambuka kukitokea upande mmoja wa bonge tu, kagua kama rola iko sawa na jukwaa. Weka karatasi nyembamba kila upande wa rola na uvute. Ukali wa kushika uwe sawa pande zote mbili. Kukitokea kwenye matabaka ya chini tu, jukwaa lilikuwa baridi kazi ilipoanza na likanyonya joto. Jenga matabaka kadhaa ya msingi kabla modeli haijaanza.

Kuna kubambuka kwingine ambako kosa si la mashine. Nyuzi za karatasi zimechanika kila mahali, ishara kwamba gundi ilikuwa imara, lakini modeli imepasuka. Hapo mkono ndio uliovuta kwa mwelekeo mbaya. Modeli ya matabaka ina nguvu nzuri kukandamizwa na nguvu ndogo sana kuvutwa kwenda juu. Taka zisukumwe kwa upande daima, na mkono mwingine ushikilie modeli kwa kuibana kutoka juu kwenda chini. Kama uso ulioganda uko juu ya sehemu nyembamba iliyolala, weka kidole chini yake kabla ya kugusa kitu.

Na bonge lililotoka mashineni likiwa moto liachwe lipoe likiwa bado limeshikwa kwenye jukwaa. Likiondolewa na kuchokonolewa mapema, nguvu zilizojifungia ndani wakati wa kukandamizwa zinafunguka upande mmoja kabla ya mwingine, na modeli inapinda.

Kuta nyembamba zinavunjika wakati wa kusafisha

Ukuta mwembamba uliosimama hauvunjwi na patasi peke yake. Mara nyingi unavunjwa na kiguzo cha upande wa pili unapokisukuma. Safisha pande zote mbili kwa zamu: kiguzo hiki huku, kiguzo kile kule, ili ukuta usibaki umeegemewa upande mmoja.

Angalia pia jinsi gridi ilivyokaa. Mstari wa gridi ukipita sambamba na ukuta, kwa umbali mdogo sana, unaacha kipande chembamba kama wembe kati ya mstari na ukuta. Kipande hicho hakina mwili wa kushikwa na kibano, kinajibana na kubaki. Sogeza chanzo cha gridi kwa milimita moja au mbili kwenye programu, au zungusha modeli kwa digrii chache, na vipande hivyo vitatoweka. Ni marekebisho ya sekunde chache ambayo watu wachache hujaribu.

Ukuta ukiwa na unene unaozidi upana wa mkato wa leza mara chache tu, kingo zake zimeshaungua pande zote mbili na katikati imebaki kidogo. Ongeza unene kwenye faili, au ukubali kwamba sehemu hiyo itengenezwe kwa njia nyingine. Mbinu ya matabaka ya karatasi inapenda modeli nene, zenye mwili. Kuilazimisha itengeneze utando wa buibui ni kuionea.

Taka zimefungiwa ndani

Chupa, bomba lililopinda, tundu linaloanza jembamba na kupanuka ndani: hapa hakuna patasi itakayofika. Viguzo vilivyo ndani ni vikubwa kuliko mlango.

Ukigundua kabla ya kujenga, igawe modeli vipande viwili kwenye programu, weka vishikizo vidogo vya kuoanisha, safisha kila kipande peke yake, kisha gundisha. Chagua mahali pa kugawa panapoacha kila tundu wazi kutoka juu. Kwa matundu yenye mlango wa wastani, punguza gridi ndani ya eneo hilo ili kila kiguzo kiweze kupita mlangoni kikiwa kimelala. Pima mlango, gawanya kwa mbili, na hapo ndipo uanzie ukubwa wa gridi.

Njia nyingine ni kusimamisha mashine katikati ya kazi, tundu likiwa bado wazi juu, na kutoa taka hapohapo. Inafanya kazi pale tu ambapo hakuna sehemu ya juu itakayohitaji kuegemea taka ulizoondoa. Ukiondoa taka chini ya paa lijalo, karatasi ya paa itazama chini ya rola. Na bonge likisogea hata unywele wakati mikono yako imo, matabaka yote yanayofuata yatakaa pembeni ya yaliyotangulia.

Bomba refu lililonyooka linaweza kusafishwa kwa kutoboa taratibu kwa keekee ya mkono yenye ncha ndogo kuliko kipenyo cha bomba, kisha kuangusha kuta za taka kuelekea katikati.

Bonge haliachii jukwaa, au fremu ya nje haifunguki

Msingi wa karatasi zilizobandikwa kwa utepe wa gundi pande mbili unaondoka kwa waya mwembamba uliokazwa, ukiuvuta mbele na nyuma kama msumeno. Usitumie bisbisi kama wenzo. Itauma uso wa jukwaa, na jukwaa lenye kovu litatoa kovu hilo kwenye kila kazi. Fremu ya nje isipofunguka, mistari ya gridi haikufika hadi ukingoni. Rekebisha mpaka wa bonge kwenye programu.

Masizi na harufu ya kuungua

Kingo nyeusi zinazochafua vidole zinaonyesha leza ina nguvu kupita mahitaji au inakwenda polepole mno. Masizi yenyewe si adui wa kutoa taka. Mkato ulioungua unaachia kwa urahisi. Adui ni kwamba vipimo vya modeli vinapungua na rangi inagoma kushika. Kagua kivuta moshi kabla ya kupunguza nguvu, maana moshi uliotuama unazuia mwanga na kupaka masizi kila mahali. Mashine ya leza inayokata karatasi isiachwe peke yake inapofanya kazi, na kizima moto kiwe pale ambapo mkono unafika.

Na asitokee mtu wa kuweka karatasi za PVC, ambayo ni aina ya plastiki, chini ya leza kwa kuwa zinatoa modeli ngumu zaidi. PVC ikiunguzwa inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine.

Kusafisha kunachukua muda mrefu kupita kiasi

Taka zinatoka, hakuna kinachovunjika, lakini kazi haiishi. Karibu kila mara gridi ni ndogo mno kwa bonge zima. Gridi ndogo inapendeza kwa sababu inaonekana salama, kumbe ukipunguza upande wa mraba kwa nusu, idadi ya viguzo inakuwa mara nne, na mashine nayo inakata mistari mara mbili zaidi. Bonge moja linaweza kuwa na gridi za ukubwa tofauti: pana pembeni na kwenye maeneo makubwa matupu, ndogo karibu na maungo ya modeli. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kiguzo kiwe kikubwa kadiri kinavyoweza kuwa bila kufungiwa na umbo la modeli. Chora njia yake ya kutokea: kama kinaweza kuvutwa kwa mstari ulionyooka bila kugonga kitu, hakuna haja ya kukigawa.

Mpangilio wa kutoa nao una uzito. Anza kwenye kona za juu, shuka kwa ngazi, na usichimbe shimo katikati. Kiguzo chenye nafasi tupu pande mbili kinatoka kwa kidole. Kilichozingirwa pande nne kinahitaji nguvu, na nguvu hiyo inaishia kwenye modeli.

Kama mashine yako inapaka gundi yenyewe

Mashine zilizofuata zilishughulikia mzizi wa tatizo. Kira ya Japani ilichapa unga wa gundi kwa wingi ndani ya modeli na kwa uchache kwenye taka, kisha ikakata kwa kisu. Mcor ya Ayalandi ilitumia karatasi za kawaida za ofisi za A4 na gundi ya maji, matone yakiwa mengi kwenye modeli na machache nje. Solido ya Israeli, iliyotumia PVC na kisu, ilipaka dawa ya kuua gundi kwenye maeneo ya taka na kukata taka hizo ziwe utepe mmoja uliokunjwa, unaovutwa kwa mkupuo.

Kwa mashine za namna hii, taka ikigoma, anza na kichwa cha gundi. Tone linalovuja linaonekana kama duara gumu kwenye uso wa taka. Ukikuta maduara hayo yamepangika kwa mstari, kichwa kinachuruzika kinaposafiri. Kagua pia kisu: kisu butu hakikati, kinakunja ukingo wa karatasi juu, na ukingo uliokunjwa unashika taka ya tabaka linalofuata. Pitisha ukucha taratibu juu ya tabaka lililotoka kukatwa. Ukikwama, badilisha kisu. Kina cha kisu kipimwe kama kina cha leza, kwa bonge dogo la majaribio. Gundi ya maji ikiwa bado mbichi, subiri ikauke kabla ya kuvuta chochote, na usiloweshe taka kwa maji ukitumaini zitalainika, kwa kuwa modeli italainika nazo.

Modeli inavimba baada ya kusafishwa

Taka zimetoka, vipimo viko sawa, na siku chache baadaye kimo kimeongezeka na kingo zimeanza kufunguka. Karatasi inanyonya unyevu wa hewani na kuvimba zaidi kwa upande wa unene wake, yaani kwenye kimo cha modeli. Wakati ikiwa bonge, taka ziliilinda. Sasa kila ukingo uliokatwa uko wazi.

Maliza kutoa taka zote kabla ya kuziba, hata vipande vidogo kwenye pembe za ndani, kwa sababu vanishi itavigeuza kuwa sehemu ya modeli. Piga msasa laini kwa kufuata matabaka, si kuyakata, ili usinyanyue kingo. Futa vumbi kwa brashi kavu. Kisha paka vanishi au epoksi nyepesi siku hiyohiyo, ukianza na pande zinazoonyesha kingo za matabaka kwa kuwa ndizo zinazokunywa zaidi, na urudie hadi uso uache kunyonya. Pale ambapo ukingo umeshaanza kufunguka, ingiza gundi kwa sindano kati ya matabaka, bana kwa kibanio kilichowekewa plastiki ili kisigande, na uache ikauke kabla ya mkono wa kwanza wa vanishi.